Kabla ya Kubandika

Masomo ya wiki hii: Mwanzo 3:7–21, Zaburi 32, Mithali 28:13



Jumanne iliyopita nilimsindikiza mzee mmoja wa kanisa letu kwa kijana anayebandika ngozi za magari hapa hapa Kibenga, Bujumbura. Ngozi ndivyo anavyoiita mwenyewe: plastiki angavu, nyororo, isiyo na rangi yoyote, inayolazwa juu ya rangi ya gari ili kokoto zisiichubue. Ukisimama mbali huioni. Ukipitisha kiganja unahisi utelezi tu, kama wa sahani iliyooshwa vizuri. Kazi hiyo kijana aliisomea Dubai, akarudi nyumbani na masanduku mawili, moja la nguo na moja la vifaa. Amekodi ua mdogo, akauzungushia maturubai pande zote, na sakafu anaimwagia maji mara kwa mara, maana adui wa kwanza wa kazi yake ni vumbi, nanyi mnalijua vumbi letu la kiangazi: linaingia hata ndani ya kabati lililofungwa.

Gari la mzee lilikuwa na siku tisa tu hapa mjini. Lilishushwa bandarini Dar es Salaam, likaendeshwa zaidi ya kilomita 1,400 kuvuka Tanzania nzima, mpaka likafika kwetu kwenye ziwa. Amelisubiri kwa miaka, akiweka akiba kidogo kidogo, na mtu akisubiri kitu kwa muda huo hataki kukiona kikichubuka wiki ya kwanza. Sikumlaumu. Kutunza ulichopewa si dhambi, hata kama mafuta yenyewe ya kulitembeza tumeyapangia foleni mpaka usiku.

Wanaoishi huku kwetu wanajua kwa nini aliogopa. Barabara ya Rumonge ndiyo mlango wetu, na kutwa nzima inapitisha malori ya mchanga na mawe yaliyotolewa mitoni, Kanyosha hapa jirani na Mugere kule mbele, karibu na lile jiwe linalokumbusha kwamba Livingstone na Stanley walipita huko mwaka 1871. Kokoto ndogo kama punje ya mahindi hunasa katika mifereji ya tairi la lori, na tairi likizunguka huirusha. Lori likija kwako kwa kilomita 80 kwa saa, nawe ukilijia kwa mwendo huo huo kutoka upande wa pili, kishindo ni cha mwendo wa magari yote mawili pamoja. Na waliosoma fizikia wanatufundisha kwamba mwendo ukiwa maradufu, nguvu ya kishindo huwa mara nne. Punje ile inafika kama risasi.

Kijana alitueleza jambo ambalo sikuwahi kulifikiria. Rangi yote ya gari, tangu ile ya kuzuia kutu inayogusana na bati mpaka vanishi ya juu kabisa, ina unene wa kama sehemu moja ya kumi ya milimita. Ngozi anayobandika yeye ina kama sehemu mbili za kumi. Kinga ni nene kuliko kinacholindwa, na bado haionekani. Akaongeza kwamba rangi humeguka kwa sababu ni ngumu. Ngozi imetengenezwa kwa poliyurethani, plastiki ya jamii inayonyumbuka kama mpira: jiwe likipiga, inabonyea, inakitawanya kile kishindo, kisha inarudi mahali pake. Na wala haikuanzia kwenye magari ya kifahari. Katika miaka ya 1960, wakati wa vita vya Vietnam, Wamarekani waliona mapanga ya helikopta zao yakiliwa na mchanga na vifusi, wakayavika utepe wa plastiki hiyo.

Kisha akatuonyesha. Alichukua kipande kilichobaki cha ngozi, akakilaza juu ya meza, akakikwangua kwa brashi ya waya mpaka kikajaa mikwaruzo mieupe iliyopishana kama utando wa buibui. Akafungua chupa ya chai, akamimina maji ya moto polepole. Mbele ya macho yetu ile mikwaruzo ikaanza kujifunga, mmoja baada ya mwingine, mpaka kipande kikawa angavu kama mwanzo. Mzee alicheka kwa furaha kama mtoto. Akatoa funguo mfukoni.

Hapo ndipo kazi ilipokwama.

Kijana alilizunguka gari na taa ndogo mkononi, akiielekeza ubavuni mwa bati badala ya kulimulika usoni. Alipofika kwenye ukingo wa boneti, juu kidogo ya taa ya kushoto, akasimama. Akapapasa kwa ncha ya kidole cha shahada, macho akiwa ameyafumba.

“Mzee, naomba uweke kidole hapa.”

Mzee akaweka. Nami nikaweka. Palikuwa na kivimbe kidogo kuliko chembe ya mchele. Kwa macho, rangi ilikuwa moja, inang'aa vile vile.

“Hapa palichubuka zamani, mtu akapapaka rangi juu juu,” alisema kijana. “Chini kuna kutu.”

“Hakuna anayeiona,” mzee akajibu.

“Ndiyo hatari yake, Mzee. Nikibandika ngozi juu yake, itakua humo ndani. Utaiona kila siku na hutaweza kuigusa.”

Mzee akamwambia abandike tu, kwani fedha ni zake. Kijana hakupandisha sauti. Alirudi nyuma hatua moja, akafuta mikono kwa kitambaa. “Samahani sana, Mzee wangu. Siku ya kubandua, ngozi itaondoka na rangi. Na mimi ndiye nitakayekuwa nimekudanganya.”

Wapendwa, nilikwenda pale kumsindikiza mtu, nikarudi na mahubiri ambayo sikuyaandaa mimi. Usiku ule nilifungua Zaburi ya 32, zaburi niliyoisoma kwenye vitanda vya wagonjwa zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu, nikaona kitu ambacho miaka yote nilikipita. Mwanzoni kabisa Daudi anamwita heri mtu ambaye makosa yake yamesitiriwa. Aya chache mbele anasema kwamba yeye mwenyewe hakuuficha uovu wake. Katika Kiebrania neno ni lile lile mahali pote pawili, lenye maana ya kufunika. Waliotupatia Biblia yetu ya Kiswahili hawakuridhika na neno moja. Mungu anapofunika, waliandika kusitiri. Mwanadamu anapojifunika mwenyewe, waliandika kuficha. Ukienda Mithali utakuta hivyo hivyo: katika sura ya 10 upendo unasitiri, katika sura ya 28 mtu anaficha na hafanikiwi. Nawashukuru watafsiri wale. Walisikia tofauti ambayo mama zetu huisikia bila kufundishwa na mtu.

Maana nani kati yetu haijui tofauti hiyo? Kule mtaa wa Buyenzi, jirani akikutakia heri anasema Mungu akusitiri, nawe unaitikia amina kwa moyo wote, uwe Mwislamu au Mkristo. Hakuna anayemwombea mwenzake kwamba Mungu amfiche makosa. Sitara ni nguo anayovikwa mtu aliyekwisha kuonekana. Kificho ni pazia analolivuta mtu ili asionekane. Na wahenga walisema mficha uchi hazai.

Turudi bustanini, Mwanzo sura ya 3, tuone utaratibu. Adamu na Hawa wanashona majani ya mtini. Ni kazi ya mikono yao wenyewe, ya haraka, ya hofu, na jani la mti likichumwa asubuhi jioni limenyauka. Halafu wanajificha kati ya miti. Mungu anakuja, anauliza uko wapi, na mazungumzo yanayofuata ni machungu: anatajwa mke, anatajwa nyoka, yanatajwa maumivu na miiba na mavumbi. Hakuna kinachorukwa. Ni baada ya hayo yote, katika aya ya 21, ndipo Bwana Mungu mwenyewe anapowafanyia mavazi ya ngozi na kuwavika. Ngozi! Nilipofika hapo nilimkumbuka yule kijana na taa yake. Mungu hakuvika ngozi juu ya majani. Kwanza taa, kwanza kidole juu ya kivimbe, kwanza jina la kosa. Halafu vazi linalodumu, ambalo wao wenyewe wasingeweza kulishona.

Sasa niwaambie langu, kwa sababu sitaki kuwahubiria nikiwa nimesimama kando.

Miaka kadhaa iliyopita dada wawili wa kwaya waligombana. Sikutaka ugomvi uonekane, Pasaka ilikuwa inakaribia na tulikuwa tumealika wageni. Niliwaita ofisini kwa dakika kumi. Sikuuliza nini kilitokea. Nilisoma aya moja, nikaomba, nikawataka washikane mikono, na Jumapili nikawasimamisha mbele ya kanisa wakumbatiane. Watu walipiga vigelegele. Nilifurahi, nikadhani nimefanya kazi ya upatanishi. Nilikuwa nimebandika juu ya kutu. Chini ya lile kumbatio kulikuwa na deni la fedha ambalo halikusemwa, na neno alilotamkiwa mmoja wao kuhusu mtoto wake, neno ambalo hata leo nisingependa kulirudia. Mwaka haukuisha. Siku jambo hilo lilipopasuka halikuondoka na urafiki wao peke yake, liliondoka na familia mbili nzima kutoka katika ushirika wetu. Kila mmoja wao alinipita barabarani macho chini. Ilinichukua muda mrefu kuelewa kwamba aibu ile haikuwa yao, ilikuwa yangu. Nimekwenda kwa kila mmoja kuomba radhi, na mmoja amenikubalia kuingia ndani.

Kutu haina haraka. Inahitaji maji kidogo na hewa kidogo, basi. Inatembea chini ya rangi, inainyanyua taratibu, na kwa nje gari linaendelea kung'aa. Ndivyo ilivyo nyumbani, mume akimwambia mke yaishe bila kusema yapi yaishe. Ndivyo ilivyo kati ya ndugu waliogawana kiwanja cha baba huku mmoja akijua mpaka ulisogezwa. Tunasema tumesameheana, na ukipapasa kwa ncha ya kidole unakuta kivimbe.

Na ndivyo ilivyo katika nchi yetu ya Burundi, nalisema hili kwa woga na kwa upendo, kama mtu anayeingia majumbani kuomba na watu wa kila upande. Kuna nyumba ambazo ukitaja mauaji ya mwaka 1972 kikombe kinawekwa mezani. Kuna nyingine ambazo ukitaja yale ya mwaka 1993 mama anainuka kwenda jikoni kutafuta kitu ambacho hakitafuti. Mwanzoni mwa mwaka 2020, Tume ya Ukweli na Maridhiano ilipofukua makaburi ya halaiki ya mwaka 1972 huko Karusi, kando ya mto Ruvubu, yalitoka mabaki ya maelfu ya watu, na pamoja nayo nguo, miwani na rozari. Vitu hivyo vidogo ndivyo vilivyosaidia baadhi yao kutambuliwa. Miaka 48 udongo uliwaficha. Ukweli ukisemwa wote, na kila anayelia akiruhusiwa kumlilia wake, ndipo wafu wanaweza kupewa sitara: sanda, jina, maombi, kaburi la peke yao. Nawasihi msimharakishe mtu anayeomboleza kwa kumwambia yamepita. Ninyi mmeyaona yamepita wapi? Mkaeni karibu. Mshikieni taa.

Lakini nisije nikamwacha mtu akidhani kwamba ukweli ni kumvua mwenzake hadharani. Kijana wetu hakulipigia kelele lile doa. Hakuwaita waliokuwa nje waje waone. Alimwambia mwenye gari, kwa sauti ya chini, akimwomba aweke kidole mahali penyewe. Nami nilikuwepo kwa sababu mzee aliniomba niwepo. Petro anapowaandikia Wakristo waliotawanyika kwamba upendo husitiri wingi wa dhambi, hawaambii wanyamaze juu ya dhambi; barua ile ile imejaa maonyo. Anawaambia wawe ile ngozi. Ngozi inapokea jiwe yenyewe. Haigeuzi rangi ya gari, gari jeusi linabaki jeusi na jekundu linabaki jekundu. Mtu anayekusitiri kwa upendo anakuacha uwe wewe, na maneno yanayorushwa yanampiga yeye kwanza. Wako akina mama katika ushirika huu ambao wamekuwa ngozi ya watu wengi, nao hawaonekani. Wamebonyea, wamekitawanya kishindo, wakarudi mahali pao. Nyakati nyingine hata wao huchoka, na panapotokea mpasuko mkubwa maji ya moto hayatoshi, inabidi kipande kizima kibadilishwe. Wapumzisheni. Msiwarushie kila kitu kwa sababu tu hawalii.

Kuna jambo jingine limenikaa tangu siku ile. Wakati mzee na kijana wakizungumza, nilitoka nje ya ua na kusimama ukingoni mwa barabara kuu. Kuna mama anauza samaki wadogo, ndagala, pale, kwenye sinia, na mtoto mgongoni. Lori la kokoto likapita, limejaa hadi juu, bila turubai. Mawe madogo yalidondoka na kuruka juu ya lami. Mama yule hakushtuka hata kidogo. Aliinua tu kiganja, akafunika kwanza uso wa mtoto, kisha sinia, kisha wake. Mkono ulikwenda wenyewe, kwa mpangilio huo huo, kama mtu aliyeufanya mara nyingi.

Muda mfupi kabla ya hapo, sisi tulikuwa ndani tukijadili namna ya kulinda rangi.

Dereva wa lori lile hakuwa na ubaya na mama yule. Hakumwona. Ana mzigo wake, ana safari yake, na kilichomdondoka hatakijua mpaka kufa kwake. Nadhani wengi wetu tunaumizana hivyo hivyo. Ukimuuliza mtu aliyejeruhiwa katika ushirika wetu nani alimrushia, mara nyingi atakutajia mtu mwema aliyekuwa mbele, anakimbilia mambo yake, anasema sana kwa sababu amejaa sana: mchungaji aliyetania mimbarini, mjomba aliyeuliza mbele ya wageni kwa nini bado huna mtoto, mwalimu, mama mkwe. Yakobo anapoandika juu ya ulimi anaulinganisha na usukani mdogo wa merikebu na cheche ndogo inayowasha msitu. Angeishi Kibenga, angeijua kokoto.

Kwa hiyo ninayo maombi mawili ya vitendo wiki hii, na nitayafuata mwenyewe. Wenye malori katika ushirika wetu, na mpo, nunueni turubai na mfunge mizigo yenu, kuanzia kesho. Hilo ni la barabarani kabisa, silisemi kwa mafumbo. Na kabla ya Meza ya Bwana Jumapili ijayo, kila mmoja atafute mtu mmoja aliye nyuma yake, aliyekuwa akifuata njia yake kwa karibu, mtoto, mfanyakazi wa nyumbani, mdogo wa kazini, amuulize kwa upole: je, kuna lililokudondokea kutoka kwangu? Kisha anyamaze asikilize. Asijibu siku hiyo hiyo.

Kuhusu mzee wetu: ameniruhusu niandike haya, ingawa si kwa jina. Jumanne ile aliondoka bila kuaga, nami nilidhani amekasirika nasi wote wawili. Alhamisi akarudi peke yake. Kijana akampeleka kwa fundi wa rangi, wakalikwangua lile doa kwa msasa mpaka bati likaonekana jeupe, na kutu ilikuwa imekwenda mbali kuliko tulivyokisia, upana wa sarafu. Wamepaka rangi ya kijivu ya kuzuia kutu. Itafuata rangi yenyewe, kisha vanishi, na baada ya hapo gari litakaa wiki kadhaa bila kubandikwa chochote, kwa sababu rangi mpya inahitaji kupumua na kukauka mpaka ndani kabla ya kuvikwa.

Jana jioni alikuja nalo kwenye maombi. Aliliegesha karibu na lango, boneti ikitazama njia ambayo watu wote wanapita, na lile duara la kijivu likionekana wazi juu ya rangi inayong'aa. Mtoto mmoja wa shule ya Jumapili akaenda kuligusa kwa kidole. Mzee alimwona kutoka mlangoni. Akashuka ngazi, akachuchumaa kando yake, na kumweleza ni kitu gani.